Sauti haipiti kwenye pedali

Kila msimu wa maembe unapoisha na fedha kidogo zikawa zimeingia mifukoni mwa watu wa Hewani, Wema na Kulesa, kwaya zetu huanza kuzungumzia vyombo. Mwaka huu kwaya yetu imekwama kwenye kitu kidogo ambacho wasomaji wengi huenda hawajakitia machoni: pedali ya mguu ya mpiga gitaa, ile inayokanyagwa mbele na nyuma ili sauti ipande na kushuka. Baadhi ya wenzetu wanataka tuchange tununue ya chuma, ya jina kubwa, ambayo ikishasafirishwa mpaka hapa itagonga shilingi elfu ishirini na ushei. Sisi wengine tunataka ya plastiki, ya theluthi ya bei hiyo.

Mimi ni mkulima, na gitaa la solo nimelipiga kanisani tangu nikiwa msichana. Za aina zote mbili nimezikanyaga. Nasema wazi kwamba hiyo ya plastiki inatutosha, na ninaliandika gazetini kwa sababu mjadala wetu si wa Hewani peke yake. Nimeusikia Ngao, nimeusikia Tarasaa, nimeusikia kwa vijana wa bendi pale Garsen mjini. Vikundi visivyo na fedha vinachangishana kwa ajili ya kitu kisichogusa sauti hata chembe, huku nyuzi za gitaa lao zina kutu na waya wa kuingia kwenye spika unashikiliwa na selotepu.

Nieleze kwanza kitu chenyewe, maana ubishi mwingi unatokana na kutokijua. Pedali zinazofanana kwa sura ziko tatu. Ya kwanza ni pedali ya voliumu: sauti ya gitaa inaingia humo kwa waya mmoja na kutoka kwa mwingine, na ikiwa imetengenezwa vibaya inakula yale makali ya juu, gitaa likasikika kama limefunikwa blanketi. Ya pili ni wawa, ambayo Vox walianza kuiuza mwaka 1967 na Jimi Hendrix akaitangaza dunia nzima. Hiyo nayo sauti inapita ndani yake, tena inageuzwa humo humo. Ya tatu, ambayo ndiyo tunayoigombania, ni pedali ya ekspresheni. Hii sauti haipiti kabisa. Mashine ya efekti, ile inayoigeuza sauti ya gitaa, inapeleka umeme mdogo kwenye pedali kupitia waya mmoja, mguu wako unapunguza au kuongeza kiasi kinachorudi, na mashine inasoma kiasi hicho kama namba: mguu uko chini, uko katikati, uko juu. Kazi yote ya sauti inafanyika ndani ya mashine. Pedali ni mjumbe tu, na barua haiwi tamu zaidi kwa kuwa mjumbe amevaa koti la thamani.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Mtu akiniambia nilipe zaidi kwa pedali ya voliumu, nitamsikiliza, kwa sababu sauti yangu itapita humo. Akiniambia nilipe mara tatu kwa pedali ya ekspresheni ili gitaa lisikike vizuri zaidi, ananiuzia kitu kisichokuwepo.

Wala sisemi kwamba pedali yenyewe haina maana. Naipenda mno, na sababu ni hii. Uzi wa gitaa ukishapigwa, sauti yake huzaliwa kubwa ikafa ndogo. Sauti ya mwimbaji ni kinyume: inaweza kuanza kama pumzi, ikakua, ikajaa nyumba nzima, ikarudi. Nyimbo zetu za Kipokomo zimejengwa juu ya kukua huko. Anayeongoza anaanza peke yake, taratibu, wenzake wanampokea kwa chini, halafu wanapanda pamoja. Gitaa lisilo na pedali linaweza kusindikiza hayo, lakini haliwezi kuyaimba. Ukiwa na pedali, unapiga uzi mguu ukiwa juu, hakuna anayesikia mgoto wa kidole, kisha unakanyaga polepole na noti inatokea kama mtu anayeingia mlangoni akiimba. Kina mama wa kwaya yetu waliposikia hivyo mara ya kwanza waligeuka wote kuniangalia.

Na watu wa Mto Tana wana haki ya kudai gitaa linaloimba. Wimbo wa Taifa unaoimbwa kila shule ya Kenya ulitoka kwetu. Mzee Meza Morowa Galana ndiye aliyewapa watunzi lahani ya wimbo wa Kipokomo wa kubembelezea mtoto, na mwaka 1963 jopo la akina Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi likaujenga wimbo juu yake. Jaribu kuupiga kwenye gitaa kavu, kila noti kwa nguvu ileile, usikie ulivyo mkavu. Ni wimbo wa mama aliyemshika mtoto. Unahitaji kupumua.

Tena pedali hii ni ya kanisani kwa asili yake, jambo ambalo wazee wanaoiona kama mchezo wa disko wangefaa kulijua. Mwaka 1712, katika kanisa la St Magnus the Martyr jijini London, fundi Abraham Jordan alitengeneza kinanda ambacho baadhi ya mabomba yake yalifungiwa ndani ya sanduku lenye mlango wa kufunguka na kufungika kwa mguu. Mlango ukifunguka sauti inakua, ukifungwa inapungua. Kinachokanyagwa leo chini ya gitaa ni kijukuu cha sanduku lile. Kwa hiyo anayesema haifai madhabahuni ameanza historia katikati.

Sasa nirudi kwenye bei. Ya ghali inakupa nini? Nataka kuwa mkweli hapa, kwa sababu inakupa vitu halisi. Boss FV-500 ina mwili wa alumini. Unaweza kusimama juu yake na mtu mwingine mgongoni. Boss EV-30 inaongoza mashine mbili kwa mguu mmoja. Mission Engineering wanatengeneza pedali za chuma zenye mwendo laini sana, na wana toleo la pekee kwa watu wa Line 6, ambao vifaa vyao vinasoma mguu kwa njia tofauti na wengine. Uzito wa chuma unaifanya pedali ikae pale ulipoiweka. Mwendo wake haulegei haraka, na ukiondoa mguu inabaki hapohapo badala ya kudondoka. Ukienda upande wa bei nafuu unakutana na M-Audio EX-P, au Moog EP-3, ya plastiki pia, ya bei ya juu kidogo. Ni nyepesi. Kwenye sakafu ya saruji iliyopigwa deki inateleza. Mtu mwenye mguu mzito anaisikia ikilia chini yake.

Hayo ya uzito yalitushinda kwa muda, mpaka fundi seremala wa hapa kijijini alipotuletea kipande cha ubao wa mwembe, akakikata urefu wa dhiraa moja, akabandika mpira wa tairi kuukuu chini yake. Pedali yangu ya plastiki tukaifunga juu kwa skrubu. Tangu siku hiyo haijasogea, hata kwenye mkesha ambao vijana walicheza mpaka jukwaa likatikisika. Ubao wa mwembe hapa ni kitu cha kuokota.

Alumini nayo ina kasoro ambayo watengenezaji wa Japani na Marekani hawana sababu ya kuifikiria. Mikutano yetu ya injili, harusi, na sherehe za Madaraka pale Garsen hufanyika nje, juani. Mimi hupiga bila viatu, kama kina mama wengi wapigao vyombo huku, kwa sababu mguu mtupu ndio unaojua kipimo. Chuma kilichokaa juani Garsen kuanzia saa nne mpaka saa nane hakikanyagiki. Nimemwona kijana wa kwaya jirani akiruka kama aliyekanyaga kaa la moto katikati ya pambio. Plastiki inapata joto pia, lakini haikuunguzi.

Lakini hoja kubwa kuliko zote iko ndani ya pedali. Ifungue yoyote kati ya hizi nilizotaja za aina ya kawaida, ya elfu sita au ya elfu ishirini, utakuta kitu kilekile: kile kidude cha kuzunguka ambacho mafundi wa redio hukiita voliumu. Mguu unasukuma, meno madogo au mkono wa chuma unazungusha, basi. Kidude hicho ndicho kinachokufa. Vumbi linaingia, unyevu unaingia, njia ya kaboni iliyo ndani inachakaa, na sauti inaanza kuruka: unakanyaga polepole na efekti inapanda kwa ngazi, au inatetemeka hata mguu ukiwa umetulia. Mwili wa alumini hauzuii hilo. Kaa hapa delta uone. Asubuhi ya msimu wa mvua hata kiberiti kinalowa ndani ya nyumba.

Yangu ilipoanza kuruka niliipeleka kwa fundi wa redio pale Garsen. Hakuwa amewahi kuona pedali ya gitaa. Aliifungua skrubu nne, akaangalia, akacheka kidogo.

“Mama, hii ni voliumu tu.”

“Najua, mwanangu. Inabadilishika?”

“Kaa unywe chai.”

Alitafuta yenye maandishi B10K ubavuni, akalehemu nyaya tatu, akanirudishia. Kipande kilinigharimu fedha za chai na mahamri. Herufi hiyo ya B ni muhimu, na kila mpiga gitaa wa huku angefaa kuikariri kabla ya kwenda kwa fundi. Voliumu nyingi za redio ni za herufi A, ambazo zimepangwa kwa ajili ya sikio la binadamu, hivyo hazipandi kwa usawa. Ukitia ya A kwenye pedali, mguu utatembea nusu ya safari karibu bila kitu kutokea, halafu mabadiliko yote yatakujia kwa kishindo. Na 10K ndiyo kipimo ambacho mashine nyingi za gitaa hukitarajia. Yamaha kwenye FC7 yao wanatumia kikubwa zaidi, 50K.

Watu wa mjini wanaweza kusema, ukinunua ya jina una waranti. Waranti hiyo naiheshimu kwa mtu anayeishi mwendo wa matatu moja kutoka dukani. Mwishoni mwa 2023, na tena Aprili na Mei 2024, Tana ilifurika, familia zikahamia kwenye makambi ya nchi kavu, na barabara ya Garsen kwenda Lamu ikakatwa na maji upande wa Gamba. Vyombo vya kwaya tulivifunga kwenye nailoni na kuvibeba kwa mtumbwi pamoja na magunia ya mpunga. Katika wiki kama zile hakuna kifurushi kinachokwenda wala kurudi. Kitakachokusaidia ni kitu ambacho fundi aliye karibu anaweza kukifungua kwa bisibisi ya kawaida. Kwa mtu wa delta, hicho ndicho kipimo cha ubora nitakachokiweka mbele ya chuma, mbele ya jina, mbele ya mwendo laini.

Ndiyo maana pia sishauri zile za Ernie Ball zinazovutwa kwa uzi ndani. Ni nzuri mguuni, wapigaji wakubwa wanazitumia, lakini uzi ukikatika kuupitisha upya kwenye magurudumu yake ni kazi ya kutoa machozi. Morley nao wana njia ya akili sana: badala ya kidude kinachochakaa, mguu unapitisha kizuizi kati ya taa na kihisi cha mwanga, hakuna kinachosuguana. Vumbi haliikwaruzi. Lakini inataka umeme wake yenyewe, na sisi umeme wa kijenereta tunaugawana tayari baina ya kibodi, spika na taa ya mchungaji.

Kitu kimoja ambacho pedali ya bei nafuu isipokuwa nacho msiinunue hata kwa bure: swichi ya kugeuza nyaya. Jeki ya pedali hizi ina sehemu tatu, ncha, pete na shina, na watengenezaji hawakukubaliana ni ipi ipeleke umeme na ipi irudishe. Roland na Boss wana mpangilio wao, Yamaha wana wao. Ukichomeka pedali ya mpangilio mmoja kwenye mashine ya mpangilio mwingine, mguu unafanya kazi kwenye kipande kidogo tu cha safari, au haufanyi kabisa. Kwaya moja ya huku ilichanga, ikaagiza pedali ya bei kubwa kutoka duka moja la mjini, ikafika, ikawa haisikiki. Muuzaji aliwaambia wameiharibu wao. Ikakaa kabatini kwa mwalimu wa kwaya, imefungwa na sanduku lake, na fedha zile zilitoka kwa wajane na wauza samaki. Nilipoiona nilijua mara moja. Hakuna aliyeharibu kitu. Haikuwa na swichi na haikuwa ya ukoo wa mashine yao. M-Audio na Moog, za plastiki na za bei ya chini, swichi wanayo. Zipo za ghali zisizokuwa nayo. Kilichowaumiza wenzetu ni kuamini kwamba bei itafikiri kwa niaba yao.

Nani basi anunue ya chuma? Bendi ya harusi inayopiga kila Ijumaa na Jumamosi, leo Minjila, kesho Witu, wiki ijayo Malindi, vyombo vikirushwa juu ya keria ya matatu, mguu wa mpigaji ukikanyaga usiku kucha. Hao wana mapato ya kuilipia, na plastiki itawapasukia. Wanunue, tena wanunue iliyotumika, kwa sababu chuma hakizeeki na voliumu ya ndani watabadilisha. Siwabezi. Kazi yao na yangu ni tofauti.

Kwa kijana anayeanza, ambaye hata mashine ya efekti hana, nina jibu jingine kabisa: asinunue pedali. Zoom G1X Four ina pedali yake mwilini, ni mashine nzima, na inakwenda kwa betri nne ndogo za AA. Katika kijiji ambacho stima inapotea bila kuaga, betri hizo ni neema. Pedali yake ni fupi na si imara sana, lakini mguu utajifunza humo. Mguu ndio unaochelewa kujifunza. Vijana hukaa miezi wakitafuta video za pedali kwenye simu, halafu wakiipata wanaikanyaga kama breki ya lori, juu au chini, hakuna katikati. Muziki wote uko katikati.

Wasikilize bendi ya Les Wanyika kwenye “Sina Makosa”: ridhimu ya Omar Shabani, besi ya Tom Malanga, solo ya John Ngereza. Kupanda na kushuka kote kumo vidoleni mwao. Huwa nawapa wanafunzi wangu kazi moja kabla sijawaruhusu kugusa pedali: wapige mstari mmoja wa wimbo mara nyingi, waanze kwa sauti ambayo jirani haisikii, waikuze kwa vidole peke yake, kisha wairudishe. Anayeweza hivyo atatumia pedali ya plastiki vizuri kuliko asiyeweza atakavyotumia ya alumini.

Kwa hiyo, kwa wanakamati wenzangu mnaokutana baada ya ibada: tofauti ya bei kati ya pedali mbili tunazobishania inakaribia shilingi elfu kumi na nne. Kwa fedha hizo tutapata seti kadhaa za nyuzi, maana unyevu wa huku unazila na hakuna sauti tamu kwenye uzi wenye kutu. Tutapata waya mzuri wa gitaa, ule ambao sauti inapita ndani yake kweli. Tutapata voliumu mbili za B10K za akiba, zikae kwenye kopo pamoja na skrubu. Zitakazosalia zimlipe nauli yule binti wa Kulesa anayekuja kujifunza gitaa Jumamosi, ambaye wiki iliyopita alishindwa kufika kwa kukosa nauli ya bodaboda. Na yeyote atakayetumwa mjini kununua, abebe mashine yetu ya efekti mkononi, aichomeke pale dukani, akanyage kutoka chini mpaka juu polepole, aangalie namba kwenye kioo zikipanda moja moja bila kuruka. Muuzaji akikataa kufungua sanduku, avuke barabara aende duka jingine.